Kabla ya Kumtabiria Simbu Medali ya Los Angeles: Historia Inatuambia Nini?

Asubuhi ya tarehe 15 Septemba 2025, baada ya zaidi ya kilomita 41 katika joto na unyevunyevu mkali, wakimbiaji watatu waliingia katika Uwanja wa Taifa wa Tokyo wakiwa wamekaribiana mno. Zikiwa zimebaki hatua chache, aliyekuwa mbele alikuwa Amanal Petros wa Ujerumani. Nyuma yake alikuwa Mtanzania, Alphonce Felix Simbu, mzaliwa wa Ikungi mkoani Singida, mwanajeshi wa JWTZ, mwenye umri wa miaka 33. Walivuka mstari pamoja, na saa ikaandika muda uleule kwa wote wawili: 2:09:48. Ilibidi picha ya mwisho ndiyo iamue. Tofauti ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde, na Simbu mwenyewe hakuwa na hakika ya ushindi wake hadi alipoliona jina lake juu ya orodha katika skrini ya uwanja. Iliass Aouani wa Italia alifuata kwa 2:09:53. Tanzania ikawa imepata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika historia ya Mashindano ya Dunia ya Riadha.

Kwa wengi wetu hapa nyumbani habari ile ilikuja kama radi katika anga jeupe. Nami nakiri kwamba nilishtuka. Lakini mshtuko, kwa mwanafunzi wa historia, ni jambo la kuchunguzwa na si la kufurahiwa tu. Mtu hushtuka kwa sababu hakuwa akitazama. Baada ya furaha ya Tokyo, swali lililoshika kasi vijiweni na maofisini hapa Dodoma ni hili: je, Simbu ataweza kutuletea medali ya Olimpiki huko Los Angeles mwaka 2028? Tangu Moscow 1980, Tanzania haijapata medali hata moja ya Olimpiki. Hivyo swali si la ushabiki mtupu. Ni swali kuhusu jinsi taifa linavyowahesabu watu wake, linamtarajia nani, na linawekeza wapi.

Katika makala haya nitajaribu kulijibu. Lakini kabla ya kutabiri, sharti tuulize tumekuwa tukitabiri vipi, na makosa yetu ya zamani yalitoka wapi.

Nchi ya kupitia

Uwanda wa kati una historia ndefu ya kutazamwa kama mahali pa kupitia. Katika karne ya 19, misafara ya pembe kati ya pwani na Unyamwezi ilikatiza Ugogo kwa haraka na kwa manung'uniko, kwa kuwa watawala wa huko walitoza hongo kwa ajili ya njia na maji. Wasafiri wa Kizungu waliandika juu ya ukame, vumbi na ushuru; wachache walishughulika kuandika juu ya watu. Wajerumani walipojenga Reli ya Kati, Dodoma ikawa kituo katika safari ya kwenda Kigoma. Hata baada ya mwaka 1973, ilipoamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu, watumishi wengi waliendelea kwa miongo kadhaa kuja kwa vikao na kurudi Dar es Salaam, hadi uhamisho ulipochukuliwa kwa uzito kuanzia mwaka 2016.

Naanza hapa kwa sababu tabia ya kupita bila kutazama iliingia pia katika michezo. Ukimwuliza kijana wa leo aitaje nchi ya wakimbiaji ndani ya Tanzania, atataja Arusha, Mbulu, Karatu, Hanang. Nyanda zile za kaskazini zimestahili sifa zao. Lakini mkimbiaji wa marathoni aliyeogopwa kuliko wote katika historia yetu alizaliwa Dodoma.

Juma Ikangaa alizaliwa mwaka 1957. Kama Simbu baada yake, alikuwa askari. Mwaka 1982 alitwaa ubingwa wa Afrika mjini Cairo, na mwaka huohuo, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Brisbane, alimkimbiza Robert de Castella wa Australia hadi mwisho, akamaliza wa pili kwa 2:09:30 dhidi ya 2:09:18. Mwaka 1983, kule Fukuoka, alishindwa na Toshihiko Seko wa Japani kwa sekunde tatu. Mwaka 1986 alishinda Tokyo kwa 2:08:10. Huko Boston alikuwa wa pili mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mara ya kwanza, Ibrahim Hussein wa Kenya alimpita kwa sekunde moja tu. Kisha mwezi Novemba 1989 akashinda New York kwa 2:08:01, muda uliovunja rekodi ya njia ile. Ikangaa hakuwa mtu wa kujificha katika kundi akisubiri wengine wachoke. Alikwenda mbele mapema, akawaacha wenzake waamue kama wanataka kuteseka pamoja naye.

Mwaka 1984, mtu huyu wa Dodoma alikwenda Los Angeles, mji uleule tunaouzungumzia leo. Waliotabiri walitaja majina matatu au manne: Seko, de Castella, na bila shaka Ikangaa. Mashindano yakaenda vingine. Aliyeshinda ni Carlos Lopes wa Ureno, mwenye umri wa miaka 37, kwa 2:09:21. Wa pili alikuwa John Treacy wa Ireland, ambaye hajapata kukimbia marathoni kabla ya siku ile. De Castella alikuwa wa tano, Ikangaa wa sita kwa 2:11:10, na Seko akaangukia nafasi ya 14. Watu watatu waliotajwa zaidi hawakupata hata medali moja kati yao.

Hilo ni somo la kwanza. Marathoni ya mashindano makubwa huadhibu utabiri unaotegemea sifa. Nitarudi kwa Lopes na umri wake baadaye.

Huruma si hesabu

Somo la pili linatoka kwa John Stephen Akhwari. Kila Mtanzania anaijua picha yake: Mexico, mwaka 1968, goti limefungwa bandeji, uwanja umeanza kuwa tupu, yeye anaingia akichechemea na kumaliza wa 57, wa mwisho, kwa muda wa 3:25:27. Picha ile imezunguka dunia na imetumika kufundisha uvumilivu kwa watoto, wafanyakazi na hata wateja wa mabenki.

Sina ugomvi na uvumilivu. Nina ugomvi na kilichosahauliwa. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, Akhwari huyohuyo alikimbia marathoni kwa 2:15:05 na kumaliza wa tano. Huo ulikuwa muda wa mkimbiaji wa daraja la juu kabisa kwa zama zile. Abebe Bikila alipoishangaza Roma mwaka 1960 alikimbia 2:15:16. Akhwari hakwenda Mexico kumaliza tu. Alikwenda kushindana, akaanguka. Dunia ilichagua kumkumbuka kwa anguko lake, nasi tukakubali kuipokea kumbukumbu hiyo kama ilivyoletwa.

Hapa pana mtego kwa kila anayeandika juu ya mwanariadha asiyetarajiwa. Tunapenda kumfanya mnyonge ili ushindi wake uwe hadithi tamu. Lakini unyonge huo mara nyingi ni matokeo ya kumbukumbu yetu fupi, si ya uwezo wake. Hebu tuhesabu. Tanzania imetwaa dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola mara tatu: Gidamis Shahanga mwaka 1978, Francis Naali mwaka 2002 na Samson Ramadhani mwaka 2006. Ikangaa alipata fedha 1982, Simon Robert Naali shaba 1990. Katika Mashindano ya Dunia, Christopher Isegwe alipata fedha kule Helsinki mwaka 2005, sekunde 11 nyuma ya Jaouad Gharib wa Morocco. Gabriel Geay amekimbia 2:03:00 huko Valencia mwaka 2022. Nchi yenye daftari la namna hii haiwezi kuitwa ngeni katika marathoni. Inaweza tu kuitwa nchi isiyosoma daftari lake.

Yale ambayo orodha haiyaoni

Somo la tatu ni la siasa. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 kuanzia mwanzo hadi mwisho na kuvunja rekodi ya dunia kwa 3:32.16, akimwacha John Walker wa New Zealand nyuma yake. Mwaka 1975 akavunja rekodi ya maili moja mjini Kingston kwa 3:51.0. Dunia nzima ikasubiri Montreal 1976: Bayi na Walker, mara ya pili, kwa dhahabu ya Olimpiki.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizokuwa mstari wa mbele, zikasusia michezo ile. Walker alishinda kwa 3:39.17, muda ambao Bayi alikuwa ameupita kwa mbali. Sitasema kwamba Bayi angeshinda. Fainali ya polepole ina sheria zake. Nasema kwamba alilipa gharama ya msimamo wa taifa, na kwamba msimamo ule ulikuwa wa haki. Wanaharakati wanaosoma makala haya wanapaswa kulikumbuka hilo: ukombozi wa Kusini mwa Afrika ulilipiwa pia na watu ambao hawakushika bunduki, waliobaki nyumbani siku ambayo walikuwa wamejiandaa kwayo maisha yao yote.

Miaka minne baadaye, Moscow, Bayi alipata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Safari hii waliosusia walikuwa Marekani na washirika wake. Medali hizo mbili ndizo pekee za Olimpiki ambazo nchi yetu imewahi kupata. Hakuna orodha ya muda bora, mwaka 1976 wala 1980, ambayo ingeweza kukuambia nani atakuwepo na nani hatakuwepo kwenye mstari wa kuanzia.

London 2017 na udhaifu wa muda bora

Sasa turudi kwa Simbu, kwa kuwa yeye ndiye mfano bora wa jinsi utabiri unavyoteleza.

Alipokwenda London mwezi Agosti 2017, muda wake bora ulikuwa 2:09:10. Tamirat Tola wa Ethiopia alikuwa amekimbia 2:04:11 mwezi Januari mwaka huohuo. Daniel Wanjiru wa Kenya alikuwa ameshinda London mwezi Aprili kwa 2:05:48, mbio ambazo Simbu alimaliza wa tano. Geoffrey Kirui, bingwa wa Boston, alikuwa na 2:06:27. Kwa hesabu ya muda bora, Simbu alikuwa dakika tano nyuma ya Tola, umbali wa zaidi ya kilomita moja na nusu barabarani. Nani angeweka shilingi yake kwake?

Matokeo: Kirui wa kwanza kwa 2:08:27, Tola wa pili kwa 2:09:49, Simbu wa tatu kwa 2:09:51. Wanjiru alikuwa wa nane. Zile dakika tano za kwenye karatasi zilikuwa sekunde mbili barabarani.

Tazama sasa jambo hili. Mwaka 2017 Simbu alikimbia 2:09:51 akapata shaba. Mwaka 2025 alikimbia 2:09:48 akapata dhahabu. Kati ya mashindano hayo mawili ilipita miaka minane, na muda wake bora ulishuka hadi 2:04:38, alioupata Valencia mwishoni mwa mwaka 2024. Hata hivyo siku ya mashindano ya dunia alikimbia kwa kasi ileile, sekunde tatu tu pungufu. Tunaweza kujifunza kutokana na hilo kwamba marathoni ya jijini na marathoni ya ubingwa ni michezo miwili tofauti, ingawa umbali ni uleule wa kilomita 42.195.

Kwenye marathoni za majiji kuna wakimbiaji wanaolipwa ili waongoze kasi kisha wajitoe njiani. Hali ya hewa huchaguliwa iwe baridi, njia iwe tambarare. Anayealikwa ni mwenye muda mzuri, hata kama Wakenya watakuwa kumi na Waethiopia kumi. Katika mashindano ya ubingwa hakuna wa kuongoza kasi. Mbio hufanyika wakati wa kiangazi cha kaskazini. Na kila nchi, kwa kawaida, huruhusiwa wakimbiaji wasiozidi watatu. Kanuni hiyo ya watatu pekee huwaondoa makumi ya watu katika orodha ya muda bora wa dunia. Kwa hiyo anayetabiri kwa kutazama orodha ile anawahesabu watu ambao hawatakuwepo.

Tokyo ilithibitisha hayo. Jukwaani hakusimama Mkenya wala Mwethiopia. Petros alizaliwa Eritrea na kufika Ujerumani kama mkimbizi. Aouani alizaliwa Morocco na kulelewa Italia. Nusu nzima ya pili ya mbio ilikuwa kazi ya kuvumilia joto, kusoma nyuso za wenzako, na kubakiza kitu kwa ajili ya mita mia za mwisho. Na Simbu hakuwa mgeni: miezi mitano kabla, alikuwa wa pili Boston kwa 2:05:04, katika njia ya milima isiyo na waongoza kasi. Aliyekuwa ameitazama Boston mwezi Aprili hakuwa na sababu ya kushtuka mwezi Septemba.

Mizani ya Los Angeles

Tukiwa na masomo hayo, tupime nafasi yake kwa haki, bila huruma na bila ushabiki.

Upande wa matumaini, kuna uzoefu. London shaba, Birmingham 2022 fedha ya Jumuiya ya Madola nyuma ya Victor Kiplangat wa Uganda, Tokyo dhahabu. Mtu aliyepanda majukwaa matatu ya namna hii katika miaka minane hakufika kwa bahati. Los Angeles itafanyika mwezi Julai, na joto ni rafiki wa wenye subira. Na yeye sasa anajua anaweza kushinda kwa mbio za mwisho, jambo ambalo hakuna kocha awezaye kulifundisha.

Upande wa mashaka, kuna Olimpiki yenyewe. Simbu ameshiriki mara tatu: Rio 2016 alikuwa wa tano, Sapporo mwaka 2021 wa saba, Paris 2024 wa 17. Mtiririko huo unaonekana kushuka. Lakini tusiwe wavivu, tufungue namba. Rio alikimbia 2:11:15, Paris alikimbia 2:10:03. Alikuwa na kasi zaidi Paris, katika njia ya milima mikali, kuliko Rio. Muda wake wa Paris ungempita Galen Rupp wa Marekani, aliyepata shaba ya Rio kwa 2:10:05. Bila shaka njia ni tofauti na siku ni tofauti, na ulinganisho kama huu una mipaka yake. Unaonyesha tu kwamba hakushuka yeye. Kiwango cha wenzake kilipanda. Tola alishinda Paris kwa 2:06:26, rekodi ya Olimpiki. Iwapo Los Angeles itakimbiwa kwa kasi ya Paris, nafasi ya Simbu itakuwa finyu. Ikikimbiwa kama Tokyo, atakuwa miongoni mwa watu watano au sita wa kuogopwa.

Na kuna umri. Siku ya mbio zile atakuwa na miaka 36. Wengi watasema amezeeka. Hapo ndipo ninapomrudia Carlos Lopes: miaka 37, mji uleule, dhahabu. Eliud Kipchoge alishinda Sapporo akiwa na miaka 36. Umri haufungi mlango, bali hupunguza ruhusa ya kukosea. Mwili wa miaka 36 hausamehe jeraha, hausamehe kambi iliyochelewa kufunguliwa, wala posho iliyokuja baada ya mbio kwisha.

Kwa hiyo, nikibanwa niseme namba, nasema hivi: akifika kwenye mstari akiwa mzima na amejiandaa, nafasi yake ya kupata medali ya rangi yoyote ni kama moja kati ya nne. Ni makadirio yangu, si sayansi. Kwa mkimbiaji wa marathoni ya Olimpiki, moja kati ya nne ni nafasi kubwa sana. Lakini maana yake pia ni kwamba mara tatu kati ya nne hatapata. Taifa linapaswa kuusikia upande huo pia, ili siku ile asije akaitwa msaliti mtu ambaye ametupa zaidi ya tulivyomlipa.

Ngazi mbili, na ile isiyokuwepo

Swali kubwa zaidi, hata hivyo, si la Simbu. Tazama tena majina niliyoyataja na uulize kila mmoja alipandia wapi. Bayi, jeshini. Ikangaa, jeshini. Simbu, jeshini. Nyambui na Shahanga walikwenda kusoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, Marekani. Kwa nusu karne, ngazi za kumfikisha Mtanzania kwenye jukwaa la dunia zimekuwa hasa mbili: jeshi, lenye chakula cha uhakika, mshahara na muda wa mazoezi, na chuo cha nje, chenye kocha na kiwanja. Ngazi ya tatu, ile inayoanzia shule ya msingi, ikapita wilayani na mkoani hadi timu ya taifa, imekuwa ikijengwa na kubomolewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ilisimamishwa kwa miaka kadhaa kwa hoja kwamba inaharibu masomo. Watoto waliokuwa na umri wa miaka kumi na mbili wakati ule ndio waliotarajiwa kuwa wakimbiaji wetu wa Beijing na London.

Wako wanaosema kwamba mkimbiaji huzaliwa, na kwamba kazi hufanywa na mwinuko wa ardhi. Singida iko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Dodoma takribani 1,100. Iten ya Kenya iko karibu mita 2,400. Kama mwinuko ungetosha, uwanda wa kati usingekuwa na bingwa hata mmoja, na kila kijiji cha milimani kingekuwa nao. Kilichoko Iten ambacho hakiko Ikungi si hewa tu. Ni kambi, makocha, washindani wa kila asubuhi, na kijana wa miaka 17 anayemwona bingwa wa dunia akinunua maziwa dukani na kuamini kwamba njia hiyo ipo.

Wala tusiwasahau wasichana. Zakia Mrisho, mzaliwa wa Singida hiyohiyo, alifika fainali ya mita 5,000 katika Mashindano ya Dunia ya Helsinki mwaka 2005. Magdalena Shauri alikuwa wa tatu Berlin mwaka 2023 kwa 2:18:41. Jeshi huchukua wasichana wachache kuliko wavulana. Kama ngazi kuu ni jeshi, basi tumeshaamua, bila kikao chochote, kwamba nusu ya vipaji vya taifa vitapita mlango mwembamba zaidi.

Ndugu zangu watumishi wa umma mliohamia Dodoma, hili ni lenu. Maofisa michezo wa wilaya wapo katika muundo. Waulizeni wana bajeti ya mafuta kiasi gani, na kama wana saa ya kupimia muda. Waulizeni kama kuna daftari popote linaloonyesha mtoto gani, wa shule gani ya Ikungi, Manyoni, Bahi au Kondoa, alikimbia mita 3,000 kwa dakika ngapi mwaka jana. Bila daftari hilo hakuna utabiri, kuna bahati nasibu tu. Simbu alipatikana. Hatujui ni wangapi hawakupatikana, na hatutawajua kamwe, kwa kuwa hakuna aliyeshika saa.

Wanafunzi wangu hupenda kuniuliza historia inafaa nini katika mambo ya kesho. Jibu langu ni la kawaida: hutusaidia kutoshangazwa na mambo tuliyopaswa kuyajua. Mwaka 1984 mtu wa Dodoma alikuwa wa sita Los Angeles. Mwaka 2028 mtu wa Singida huenda akasimama kwenye mstari katika mji uleule. Tutamtazama, na tutamwombea. Lakini jambo la kupimwa kwetu sisi, si kwake, ni kama mwaka 2032 kutakuwa na jina jingine la kuliuliza swali hili, au kama tutakuwa bado tunamwuliza Simbu, akiwa na miaka 40, kwa nini hajatuletea medali.